Bundi wa Ndiva na Mchumba wa Shangazi

Nzige walipokuja mimi nilikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, na sitawaeleza sana, maana kila mzee wa Upare ana nzige wake wa kusimulia. Nitasema hili tu: walipoondoka hapakubaki hata jani la mgomba la kufunikia chungu, tukala mihogo ya watu wa tambarare mpaka mama akaichukia. Tangu hapo mama akawa mchoyo wa mahindi. Aliyapanga darini juu ya jiko, moshi ukayakausha, panya wakasikia harufu. Ndipo alipokwenda kwa mwinjilisti wetu kuomba paka.

Paka yule aliishi kuliko mnavyodhani paka huishi. Mimi nimeshaota ndevu, yeye bado anakula panya, na dharau zake kama mtoto wa chifu. Jioni moja akarudi amechanika mgongo, akaingia uvunguni, akagoma kutoka hata kwa maziwa. Baada yake akaja mbwa wa jirani, analia. Kisha ikawa zamu ya watu.

Alikuwa ni bundi. Alijenga kwenye mkuyu ulio juu ya ndiva, lile bwawa letu la mawe na udongo linalokusanya maji usiku, yakafunguliwa alfajiri kwenda mashambani kwa zamu. Vifaranga vilipototolewa, mama yao akaamua kwamba kila kinachopita chini ya mti gizani ni mwizi wa watoto. Na hapigi kelele. Unasikia upepo kidogo nyuma ya sikio, kisha kucha.

Mtasema si mngeukata mti. Mkuyu wa maji haukatwi kwetu. Tulichoma pilipili chini yake, tukakohoa sisi. Wako waliosema ametumwa na mtu, na kila mmoja alimjua huyo mtu, ila hawakumtaja yule yule. Mwinjilisti akasema ni kiumbe wa Mungu kama wengine, lakini hakupita tena pale bila mwavuli, hata kiangazi. Bwana shamba wa serikali ya Mwingereza naye akasema bundi si kazi yake, kazi yake ni matuta. Matuta yenyewe hatukuyataka, lakini hayo nayaacha.

Aliyebanwa hasa ni shangazi yangu. Alikuwa mjane, na mahindi yake yalikuwa yanatoa mbelewele, wakati ule ambao yakikosa maji umevuna magunzi. Na kwetu kizibo cha ndiva huvutwa na mwanamume wa nyumba yenye zamu, tena kichwa wazi. Kofia, kilemba, kitambaa, vyote chini. Nani alianzisha sijui, shule mimi niliishia kuandika jina langu. Nyumba isiyo na wa kufungua, zamu inakwenda kwa jirani.

Siku zote nilimfungulia mimi. Sasa bundi alikuwa ameshanichana sikio, likavimba, homa ikanilaza. Wanaume wa ukoo wakaombwa. Mmoja akasema mgongo. Mwingine akakumbuka msiba Usangi, ambao hata waliofiwa walikuwa hawajausikia.

Palikuwa na mtu wa Bendera, huko tambarare, aliyekuwa akimposa shangazi. Alikuwa amefanya kazi kwenye mkonge, na mzungu wake alimwachia kofia ya pama. Kofia ile hakuivua. Alikula nayo. Jumapili alisimama nje ya kanisa dirishani, akisema ndani kuna joto. Joto la Vudee, kijiji chetu cha mlimani, mwezi wa baridi.

"Bundi ni kuku aliyekosa malezi," alimwambia shangazi, anakula makande. "Zamu yako nafungua mimi, mama."

Shangazi akamwongeza makande. "Ukifungua, baba, mengine yote tutasikilizana."

Alfajiri ya zamu nilijikokota na sikio langu, nikasimama mbali. Mzee wa maji, msimamizi wa zamu, alikuwa amekaa kwenye jiwe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mkwe. Kofia."

"Ina nini?"

"Inavuliwa."

"Mzee, bundi si yuko hapo juu?"

"Yuko. Na yeye hana kofia."

Yule bwana akamtazama shangazi. Shangazi alikuwa ameshika jembe. "Vua tu, baba. Mahindi yananiangalia."

Akavua. Kilitokea kipara laini, cheupe kuliko uso, maana hakikuonana na jua miaka mingi. Hakuna aliyecheka. Mzee wa maji alisema tu taratibu, "Kumbe ndiyo maana kanisani kuna joto."

Akainama, akashika mti wa kizibo. Bundi akaja. Yule bwana aliruka na ule mti mikononi, akaangukia matopeni kwa makalio, na kizibo juu ya mapaja. Maji yakanguruma kwenye mfereji.

"Amefungua," akasema mzee. "Zamu ni ya mama."

Shangazi alikuwa ameshaondoka mbio. Maji hayasubiri mtu, ukichelewa kuyageuza yanaingia kwa jirani. Mchumba akamfuata, damu imefika kwenye nyusi.

"Mama, nimeumia."

"Nimeona, baba. Ziba hapo kwa mguu."

Akaziba.

"Kichwa kinawaka."

"Pole. Mguu mwingine weka huku."

Akaweka. Shangazi akashukia mistari ya chini, anafungua huku anaziba kule, anayasemesha mahindi kwa Chasu, lugha yetu, maneno matamu ambayo sidhani yule bwana aliwahi kuambiwa. Hakugeuka. Yule bwana alisimama amepanua miguu mpaka maji yakatulia. Kisha akatoa mguu mmoja, akatoa wa pili, akarudi ndivani kuchukua kofia, akaiweka juu ya kidonda polepole kama mtu anayefunika chungu cha moto.

Akanipita. Nikamwamkia, akaitikia vizuri.

"Unakwenda wapi, mzee?"

"Hapo tu," akasema, akashika njia ya kushukia tambarare, na Vudee hakukanyaga tena.