Fundi Kabange na Kinga ya Gurudumu Moja

Kabange alizaliwa wa pili. Kwa Waluba jina lenyewe linatosha kukuambia: pacha anayetangulia ni Kyungu, anayefuata ndiye Kabange. Ukimsikiliza mkewe, Mwadi, taabu zote za mume wake zilianzia siku ile. Alifika duniani akakuta mtu amemtangulia, na tangu hapo anaamini kuna kitu chake kilichochukuliwa kabla hajafika.

Akinunua unga, mkono wake ulizama mpaka chini ya gunia. Akisalimiwa kwa uchangamfu, alijiuliza huyu anatafuta nini. Kanisani Jumapili alikaa benchi la nyuma kabisa. Padri alidhani ni unyenyekevu, kumbe alitaka tu kuiona migongo ya watu wote. Lakini mkono wake ulikuwa mzuri kwa chuma. Hilo hata maadui zake walilikubali, nao walikuwa wachache kuliko alivyofikiri.

Alifanya kazi kwenye mstari wa mafundi wa kinga, karibu na reli. Kinga ndiyo baiskeli kwa watu wa Kamina, na kinga ya Kamina si chombo cha matembezi. Inabeba makaa, mahindi, magunia ya samaki wakavu wa Bukama, mgonjwa, na siku nyingine bibi harusi. Mchanga wa barabara ya Kabongo unaila polepole, na kile kinachobaki huletwa pale.

Mafundi wale wana desturi moja: mwenye kinga haiachi kinga yake. Anakaa. Kila fundi ana debe au kigogo cha mteja, na mteja hukaa hapo macho yakiwa kwenye mikono ya fundi mpaka nati ya mwisho, maana kila mtu mjini anajua kwamba gololi mpya zinaweza kuingia kwa fundi na zikatoka kuukuu. Fundi naye hakasiriki. Aliyekaa ameona, na aliyeona hawezi kurudi kesho na maneno. Mwaka jana tu, fundi mmoja aitwaye Papy alikubali kubaki na kinga ya mfanyabiashara mwenye haraka. Jioni yule mtu akadai ekseli yake imebadilishwa. Papy aliapa mpaka sauti ikamkauka, lakini shahidi hakuwa naye, na wenzake wakamtoa kwenye mstari ili jina lao lisichafuke. Sasa anachoma makaa huko Kabondo-Dianda. Kabange hakuwa na hofu nyingine duniani kubwa kuliko hiyo, kwamba siku moja atasimama pale alipokuwa amesimama Papy.

Kwa hiyo asubuhi ile alipomwona msichana anakuja na nusu ya kinga begani, roho yake ilikataa tangu mbali.

"Bonjour papa. Njo weye papa Kabange?"

"Nani iko namutafuta?" Kabange hakuwa mtu wa kukubali jina lake kabla hajajua linatakiwa kwa kazi gani.

"Minyi niko Phébé. Nilikuletea kinga yangu."

"Na nusu ingine iko wapi?"

"Aina nusu ingine, papa. Iko vile."

Masengo, fundi wa jirani, alicheka mpaka spana ikamtoka mkononi. Phébé hakujali. Aliisimamisha ile kinga, akapanda, akaenda nayo mpaka kwenye ukuta wa depo ya reli huku mikono ikipepea, akageuka, akarudi. Alipogusa tu mchanga gurudumu likazama, akaruka chini. Kisha akaeleza kwa utulivu. Alijifunza Lubumbashi kwa wanasarakasi, na kwenye simenti ya kule ilikwenda vizuri. Sasa kanisa lao la Kimetodisti lilimpa kazi ya watoto kwenye makanisa ya vijijini, nje ya barabara ya Kabongo. Watoto wakiliona gurudumu moja linakuja, wanajikusanya wenyewe, hapigi hata kengele. Ila njia ni mchanga, mizizi na vilima, na mkono wa pedali ulikuwa umelegea kwenye ekseli. Alitaka fundi aigeuze iwe kinga ya porini.

Ilikuwa kazi nzuri. Kabange aliliona hilo mara moja, na ndilo lililomtia wasiwasi zaidi. Akamsukumia debe kwa mguu. "Ikala."

"Apana papa, niko na kazi. Nitarudia vendredi. Nakuachia."

Akaenda zake. Hakugeuka hata mara moja.

Kabange alibaki ameishika ile kinga kama mtu aliyepewa mtoto wa mwingine sokoni. Hakuna mtu anayeacha. Anayeacha ni mwizi anayetaka kuondoa kitu mikononi mwake, au ni mtu aliyekuja kutega. Kwamba ni ya wizi, hapana, hakuna mwizi angeiba kitu ambacho mji mzima ungekitambua. Basi ni mtego. Katika Kamina yote hakukuwa na kinga nyingine ya namna hiyo ya kulinganisha. Kesho msichana akisema ekseli yake ilikuwa ya fedha safi, nani angembishia? Aliligonga bomba la kiti akisikiliza kama lina kitu ndani. Akang'oa kiti, akalipindua bomba. Mchanga ukamwagika, wa Kamina kabisa.

"Masengo, kuya uone," akaita. Mbele ya Masengo akafungua kila kipande, akavitandaza juu ya gunia. Halafu akachukua nyundo na msumari mgumu, akapiga nukta ndogo kwenye uma, kwenye ekseli, kwenye kila mkono wa pedali.

Masengo aliacha kucheka. Nukta zile kila mtu kwenye mstari anazijua. Fundi humpigia mteja anayemwogopa, ili kesho asiseme kipande si chake. Ni namna ya kumwambia mtu kwamba unamjua bila kufungua mdomo.

"Unapigia mutoto mwanamuke nukta?" Masengo akauliza.

"Papy angepiga, angekuwa bado hapa."

Mchana, juu ya ugali wa bukari na kisamvu, yaani sombe, Mwadi ndiye aliyempa habari ambayo ilimharibia chakula. Phébé huyo alikuwa binti wa mwalimu Zébédée, yule Mmetodisti aliyezikwa mvua zilipoanza.

Kabange aliliweka tonge chini. Zébédée! Katika maisha yake yote ya ufundi hakuna mteja aliyemchunga kama mwalimu yule. Wengine walikaa mpaka kazi iishe. Zébédée alikaa hata kazi ikiisha. Anakuja na pancha ya kuziba kwa muda mfupi tu, anazibiwa, anajaziwa upepo, na bado yuko pale juu ya debe anaongea na macho yake kwenye mikono ya Kabange, mpaka jua lipungue. Miaka na miaka. Kabange alikuwa amehitimisha zamani kwamba hawa wasomi wa kanisa lingine wanawaona Wakatoliki wote wezi. Hata mazishini hakwenda.

"Baba ananichunga vile, mutoto anaacha na anaenda," akasema. "Iko kintu."

"Pengine anakuamini," Mwadi akajibu.

"Ananijulia wapi?"

Mwadi akaondoa sahani. Alikuwa ameolewa muda wa kutosha kujua mazungumzo yanapoishia.

Hata hivyo kazi ni kazi, na kazi ile ilikuwa na namna ya kumvuta. Tundu la mkono wa pedali lilikuwa limekwisha kwa kucheza. Kabange alitafuta kwenye rundo lake mikono mirefu zaidi ya kinga moja nzito ya zamani, kwa sababu mchangani mguu unahitaji kusukuma kwa mbali, kama unavyong'oa kisiki kwa wenzo mrefu. Akaichonga kwa tupa mpaka ikaingia kwa kugongwa, akaifunga kwa bolti iliyopita katikati ya ekseli, ili hata ikitaka kulegea isipate nafasi. Uma ulikuwa mwembamba mno kwa mpira mnene. Akauweka kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu, akautanua kidogokidogo juu ya kipande cha reli anachofulia chuma, akaunyosha kwa macho. Mpira aliufunga mnene, wenye meno, na upepo akautia kidogo, ili ulale juu ya mchanga badala ya kuukata. Kwenye pedali akapenyeza skrubu fupi, vichwa vikitokeza, ili kiatu kisiteleze. Chini ya pua ya kiti akaweka mkono wa nondo aliouvingirisha kwa mpira wa ndani, maana kilimani mwenye gurudumu moja hana usukani wa kujivutia.

Na alipolizungusha gurudumu hewani aligundua jambo lililomkera: alikuwa anaipenda. Haikuwa na mnyororo, haikuwa na breki. Mguu ukienda inakwenda, mguu ukisimama inasimama. Hakikuwa na mahali pa kuficha kitu chombo kile. Akaitundika ukutani, akakaa na hofu yake akingojea Ijumaa.

Phébé alikuja jua likiwa limeshapanda. Kabange alimkonyeza Masengo asogee, awe shahidi, na Masengo akasogea akijifanya anatafuta kiraka. Msichana hakukagua kitu. Alipanda, akashika nondo ile chini ya kiti, akaelekea moja kwa moja kwenye mchanga wa kando ya reli ambako hata wenye kinga nzima hushuka wakasukuma. Gurudumu lililala juu ya mchanga likapita. Likaruka mzizi. Likapanda tuta la reli polepole, mikono mirefu ya pedali ikizunguka, na juu kabisa Phébé akasimama kidogo, akatikisika, akashuka upande ule ule aliopandia. Mafundi wote walikuwa wameacha kazi.

Alirudi akihema, uso unang'aa. Akaipindua kinga yake kuiangalia vizuri, na kidole chake kikagusa nukta ya kwanza. Kisha ya pili.

"Papa, hizi njo nini?"

Kabange angeweza kusema ni alama za kufungia. Mafundi wanazo za namna hiyo pia. Lakini Masengo alikuwa pale, na uongo mbele ya shahidi uliyemwita mwenyewe ni kazi ngumu.

"Iko alama," akasema. "Tunapigaka ku kintu ya muntu tunamuogopa. Niliwaza utarudia kusema nilibadilisha."

"Minyi?"

"Uliacha na ukaenda. Hapa akuna muntu anaachaka."

Phébé aliondoa kidole kwenye nukta. Hakuwa amekasirika, ila alionekana kama mtu aliyepotea njia karibu na kwao. "Papa yangu njo alinifundisha," akasema. "Alisema, kwa Kabange unaweka kintu na unaenda."

Kabange akacheka kwa uchungu. "Papa yako? Papa yako alinichunga kuliko bantu bote. Kinga inaisha, yeye iko tu."

"Akukuwa anakuchunga. Alikuwa anakuya kuzungumuza na weye." Sauti yake ilishuka. "Kisha mama kufa, kwetu mu nyumba atukukuwa tunasikia sauti yake. Anarudia tu toka huku njo uso iko muzuri. Anasema, leo tulizungumuza sana na Kabange."

Kabange hakuona pa kutazama. Ni kweli mwalimu alikuwa akiongea. Aliongea kama redio ya jirani, na Kabange alimjibu "mm," na mara nyingine "eyo vidye," yaani ndiyo bwana, kwa heshima tu, akiamini kwamba yale maneno yalikuwa ya kumpoteza akili ili akosee kipande.

"Halafu minyi nikaenda Lubumbashi, sikusikia sauti yake tena," Phébé akaendelea. "Njo maana nilikuleteaka kinga weye, siyo mwingine. Nilisema, akinizoea nitamuuliza. Alikuwa anakuambia nini?"

Kabange alitafuta. Alitafuta sentensi moja tu, hata nusu, katika jioni zote zile. Hakuipata. Angeweza kubuni kitu kizuri, cha kibaba, na msichana angeondoka amefurahi asijue. Lakini mtu aliyetafuta uongo wa wengine maisha yake yote hakuweza kumpa mtoto huyu uongo wake mwenyewe. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

"Maneno sina," akasema. "Sikumusikilizaka. Nilikuwa namuangalia tu."

"Uliona nini?"

Basi hilo alikuwa nalo. Alikuwa amemwangalia mwalimu kama unavyomwangalia mtu anayezunguka karibu na mbuzi wako, na hakuna kilichompita. Akamwambia jinsi Zébédée alivyokuwa akivua kiatu cha kushoto kwanza, anamwaga mchanga, anakisugua kidole gumba kana kwamba kinamwuma. Jinsi alivyoimba puani wimbo wa kanisani kabla ya kuanza kuongea. Treni ikipiga honi alikata neno katikati, anangoja ipite yote, anaendelea pale pale alipoachia. Na karanga. Alizileta mfukoni, anazimenya, anapuliza maganda, anagawa, na nusu moja anaiweka juu ya kile kipande cha reli, upande wa Kabange.

"Ulikuwa unakula?"

"Apana. Akishaenda, nilikuwa natupia kuku. Niliwaza aliweka kintu ndani."

Masengo aliinamisha kichwa. Phébé alikigusa kile kipande cha reli.

"Na kuku balikufa?" akauliza.

"Apana," akasema Kabange. "Balinenepa."

Phébé akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamshuka, akayafuta kwa mgongo wa mkono wenye vumbi. Aliilaza kinga yake chini.

"Endelea, papa," akasema.

Kabange akafikiri kidogo, akaanza na kofia ya mwalimu.