Koleo Jepesi na Kisima cha Ruashi

Walisema sitapandisha maji hata kwenye kisima kimoja katika mji huu. Walisema vijana wanaorudi kutoka Afrika Kusini hurudi na miwani ya jua na diploma ya kutundika ukutani, basi. Mjomba wangu, kaka wa mama, alilisema hilo mbele ya watu wote siku niliposhuka kwenye basi: "Mwipwa, karatasi haipandishake mayi." Nilicheka pamoja nao. Diploma ile ya umeme na mitambo niliilipia mwenyewe kwa kuosha magari ya watu, na sikuona haja ya kuitetea kwa maneno.

Tatizo langu lilikuwa jingine. Vifaa vyangu vyote nilikuwa nimeviuza ili nipate nauli ya kurudi. Nikaenda mjini kutafuta koleo la kukunja, lile lenye kisu, msumeno, tupa na bisibisi ndani ya mipini yake. Mjomba akanisindikiza ili, kwa maneno yake, asikose kicheko.

Mchuuzi alikuwa nayo ya aina mbili, bei moja. Moja jeusi, zito kama kufuli la ghala. Jingine jeupe, jepesi. Mjomba akalipima lile jeusi kiganjani, akafumba macho.

"Hii njo chuma," akasema. "Ile ingine iko kitu ya batoto."

Sisi watu wa Lubumbashi tuna ugonjwa huo. Baba zetu walipima mawe ya mgodini kwa kiganja: jiwe zito lina shaba, jepesi ni udongo. Tumeurithi mkono ule, na sasa tunapima nao kila kitu, sufuria, kufuli, hata mkate. Kwa jiwe, mkono hausemi uongo. Kwa kifaa, unadanganya, kwa sababu chuma cha kumimina kwenye kalibu ni kizito na bado huvunjika kama biskuti.

Mimi sikupima uzito. Nililifumba lile jeupe, nikalielekeza juani, nikatazama kama mwanga unapita katikati ya meno. Haukupita. Nikabana kipande cha gazeti na kukivuta. Kikachanika bila kuchomoka. Kisu kilikata karatasi, lakini hakikuwa na kizuizi, maana yake ukikisukuma kwa ncha kitajikunja juu ya vidole vyako. Nikajua: ni kisu cha kumenyea waya, si cha kudungia. Makali ya kukatia waya niliyajaribu kwenye msumari, yakaingia pengo. Kwenye waya wa shaba yalipita kama kwenye ugali. Nikaridhika, kwa kuwa waya nitakazokata ni za shaba. Plastiki ya mipini ilikuwa pambo tu, haizuii umeme. Dawa yake ni kuzima umeme kwanza. Kifaa cha bei ndogo hakikosi kasoro. Fundi ni yule anayezijua kasoro hizo kabla ya kazi, na mimi nilizijua zote nikiwa bado sijalipa.

Nikanunua jepesi. Mjomba akanunua zito, akanikabidhi palepale. "Nakukopesha. Utaihitaji tu."

Kazi ya kwanza ilitoka kwa mama mmoja wa mtaa wa Ruashi, mfanyabiashara wa vitambaa, mwenye nyumba mpya na kisima kilichonyamaza. Wakwe zake watarajiwa walikuwa wanakuja Jumamosi kuleta mahari ya binti yake. "Kama Jumamosi asubuhi hakuna mayi, naita mwingine," alisema. "Na bajirani bote watajua nilikuita weye." Alimaanisha kwamba jina langu lingezikwa Ruashi kabla halijazaliwa.

Nikaazima kamba ndefu kwa jirani anayeuza makaa, na kipima umeme kwa fundi wa parokia. Ijumaa nikazima umeme, nikahakikisha kwa kipima, kisha mimi na vijana wawili wa jirani tukaivuta pampu juu kutoka ndani ya kisima. Mjomba alikuja kutazama, akakalia ndoo. Niliona kosa mara moja: bomba la plastiki lilikuwa limepasuka pale linapofungwa kwenye pampu, na maji yalikuwa yakirudi chini. Ilibidi kukata ncha iliyopasuka na kulifunga upya. Lakini pete ya chuma iliyolibana ilikuwa na kutu, na kichwa cha skrubu yake kimelika, bisibisi haina pa kushika.

"Leta ile pinse yangu," mjomba akasema. "Acha kuchezesha hiyo."

Akakibana kichwa cha skrubu kwa koleo lake zito, akakaza meno, akazungusha. Taya moja ikavunjika. Ndani ya mvunjiko chuma kilikuwa na chembe za kijivu, kama jivu lililoshikana.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Sasa vile? Niite mwingine?"

"Ngoja kidogo, mama," nikasema, na sauti yangu ilikuwa tulivu kwa sababu nilikijua nilichoshika. Nikafungua tupa ndogo ya koleo langu, nikachonga mfereji mpya juu ya kichwa cha skrubu, taratibu. Nikatia tone la mafuta. Nikafungua bisibisi bapa, nikazungusha. Skrubu ililia, kisha ikakubali. Msumeno ukakata bomba, pete ikarudi mahali pake, pampu ikashushwa, umeme ukawashwa, na kabla jua halijazama tulisikia maji yakigonga sakafu ya tangi.

"Ingénieur," mama akasema, yaani mhandisi. Mjomba akatazama pembeni.

Wakwe wakaja, wakanawa, wakala. Jumatatu nikawalipa walionikopesha. Kamba niliiosha na kuikausha kabla ya kuirudisha kwa muuza makaa. Kipima umeme kilirudi parokiani na betri mpya. Likabaki la mjomba. Kwetu kifaa kikivunjika kwenye kazi yako ni deni lako, hata kama aliyekivunja ni mwenye nacho. Nikaenda kwa mchuuzi yuleyule, nikanunua koleo jeupe la pili, baada ya kukataa mawili yaliyopitisha mwanga.

Mjomba alilipokea, akalipima kiganjani kwa mazoea.

"Iko nyepesi," akasema.

Kisha akalifumba, akalinyanyua kuelekea dirishani, akafunga jicho moja.