Mafuta ya Mtoto na Sifa za Kulipiwa

Jumamosi nilisimama kwenye duka la vipodozi mjini Koboko, nyuma ya msichana mwenye blogu ambaye hulipwa kusifia bidhaa. Mwenye duka alikuwa akimshukuru: tangu asifie mafuta fulani ya watoto, wateja walifika hata kutoka Arua. Msichana naye alicheka, akasema wafanyabiashara wengine wameanza kumwita. Niliwaza kwamba wote wawili wamenufaika kihalali.

Ndipo akaingia mama mwenye mtoto mgongoni.

"Bosi, ile mafuta ya blogu iko?"

"Iko, mama."

"Ule dada nasema yeye napaka mtoto yake kila siku. Mimi pia napaka, lakini mtoto nalia tu. Labda mimi napaka kidogo."

Akamgeuza mtoto tuone. Shingo ilikuwa imejaa malengelenge. Msichana alimsogelea mama.

"Mama, usipake tena. Peleka yeye hospitali sasa hivi. Ni mimi naliandika."

"Wewe? Na mtoto yako iko sawa?"

"Mimi sina mtoto."

Mama alitoka mbio akiita boda. Mwenye duka akamwinamia msichana, akamnong'oneza: "Dada, hii usiandike."

Tangazo la redio twajua limelipiwa, hivyo hulisikiliza kwa tahadhari. Blogu isiyomtaja mlipaji ndiyo inayonitisha, kwa sababu yule mama aliamini kwamba ameshauriwa na mama mwenzake.