Maji ya Kwanza ni ya Durgavva

Fakirappa alisikiliza bomba kama mkunga anavyosikiliza tumbo. Aliuchomeka ufunguo wake wa chuma, uliomfika kifuani kwa urefu, ndani ya shimo la valvu, akaweka sikio juu ya mpini na kufumba macho. Maji yakiwa mbali yalivuma. Yakikaribia yalikohoa, kwa sababu ya hewa yaliyokuwa yakiisukuma mbele yake. Yakifika yalinyamaza, na hapo ndipo alipozungusha: nusu mzunguko, pumzi, nusu mzunguko. Kwa miaka thelathini na moja mji wa Hosagundi ulikunywa kwa mkono wake, mtaa baada ya mtaa, kila mmoja na zamu yake, mara moja kwa siku nane.

Harusi hazikupangwa bila yeye.

"Fakirappa, ndugu yangu, binti anaolewa Alhamisi," mtu angemwambia huku akimsogezea chai.

"Alhamisi maji yako kwa wafumaji. Mwoze Ijumaa."

"Mnajimu kasema Alhamisi."

"Basi mnajimu awaoshee wageni vyombo."

Mtaa wa Chini, alikozaliwa na alikoishi, ulikuwa wa mwisho kwenye zamu. Bomba lake lililala bega kwa bega na mfereji wa maji taka, vyote viwili vizee, vyote viwili vimepasuka. Kwa siku saba bomba lilipokuwa tupu, uchafu ulipenya polepole kwenye viungo vyake. Jambo hilo alilijua yeye na marehemu Dyamappa, aliyemfundisha kazi. Dyamappa ndiye aliyemwonyesha valvu ya arobaini, kule bondeni, ambayo kazi yake ilikuwa moja tu: kuyamwaga korongoni maji ya kwanza kabla hayajaingia majumbani. Na ndiye aliyemwachia usia wa wafungua valvu wote: "Wenye ofisi waonyeshe zote ila moja. Siku watakapozijua zote, wewe hawatakujua."

Ili isije ikachimbuliwa, Fakirappa aliweka jiwe juu ya mfuniko, akalipaka mafuta na unga mwekundu, akasema Mama Durgavva, mungu wa kike mlinzi wa mtaa, amemjia ndotoni. Wiki haikuisha, nazi zikaanza kuletwa. Mwaka haukuisha, pakawa na paa la bati. Tangu hapo, kila siku ya maji alitundika shuka, akalisogeza jiwe, akafungua valvu dakika kumi huku akipiga kengele, na nyuma ya shuka maji meusi yakaenda zao korongoni. Wanawake wakawafundisha watoto wao kwamba maji ya kwanza ni ya Durgavva. Aliyetega ndoo mapema alizomewa mtaa mzima. Miaka ishirini ikapita bila Mtaa wa Chini kuuguza tumbo, na sifa zote akapewa Mama. Fakirappa hakuona wivu.

Kisha mji ukaingia ubia na Kampuni. Manispaa ingetoa mabomba na ardhi, serikali ya jimbo sehemu ya fedha, na Kampuni ingeleta iliyobaki na kuyaendesha maji ya miji minne ya wilaya kwa miaka thelathini. Mabango yaliahidi maji saa ishirini na nne. Wafungua valvu walipewa makoti ya rangi ya chungwa na mkataba wa mwaka mmoja, "mpaka ramani ikamilike."

Mhandisi aliyetumwa kuichora ramani hiyo aliitwa Vaidehi, msichana mpole aliyekaa chini pamoja nao na kumega mkate wa mtama kwa karanga za kusaga. Alizunguka na Fakirappa siku kumi na mbili, akiingiza kila valvu kwenye simu yake. Siku ya mwisho walipumzika kivulini, chini ya bati la Durgavva.

"Thelathini na tisa," alisema. "Hakuna nyingine, mjomba?"

"Ni hizo tu, binti yangu."

"Nauliza kwa sababu hapa kwenu hatubadilishi bomba. Liko kwenye awamu ya pili. Tutalijaza hilihili la zamani. Kama kuna jambo, niambie sasa."

"Bomba zee halijazwi kwa pupa."

"Litajazwa na mashine kutoka ofisini. Na likishajaa halitakauka tena, kwa hiyo hakuna kitakachoingia."

Na kilichokwisha kuingia je? Swali lilimfika ulimini. Alilitazama jiwe, jekundu kama jeraha, lililovikwa maua mabichi ya asubuhi hiyo. Akamkumbuka Renavva, binti yake, aliyekuwa amerudi kwa wazazi kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo ada. Mwaka mmoja wa mshahara, aliwaza. Mwaka mmoja tu. Akalimeza swali, na Vaidehi akazima simu.

Mtoto alizaliwa wa kike, mwenye nywele nyingi. Siku yake ya kumi na mbili, ya kulazwa kwenye susu, kitanda cha kuning'inia, na kupewa jina, ikaangukia siku ya kufunguliwa maji mapya, na mtaa mzima ukasema hiyo ni bahati. Fakirappa hakuwepo kuyaona maandalizi. Kampuni ilikuwa imempeleka mji wa jirani kwa siku nne. Alipanga kurudi mapema, atundike shuka yake kama kawaida, apige kengele.

Alirudi asubuhi ya sherehe akakuta bati limeondolewa. Jiwe lilikuwa limezungukwa na vigae vyeupe, na kando yake limesimama bomba linalong'aa lenye koki ya manjano. Fundi Irappa alikuwa akijifuta mikono.

"Tumemjengea Mama yako, Fakirappa. Zawadi ya mwenyekiti wa manispaa. Magunia sita ya saruji. Hata tetemeko la ardhi litapita likiamkia."

"Mfuniko uko wapi?"

"Mfuniko gani?"

Fakirappa alipenya katikati ya watu mpaka jukwaani, akamshika Vaidehi mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Binti, Mtaa wa Chini usifunguliwe leo."

"Mjomba, mashine imeshawashwa. Kwa nini?"

Nyuma ya Vaidehi aliwaona wanawake waliofunga saumu miaka ishirini mbele ya jiwe lake. Walikuwa na maua kichwani. Wengine walikuwa wamebeba watoto waliopewa jina la Durgavva.

"Maji ya kwanza," alisema. "Maji ya kwanza ni ya Durgavva."

Vaidehi alitabasamu, akamgusa bega. "Ndiyo maana tumemwekea bomba lake. Ataanza yeye."

Mwenyekiti alifungua koki. Bomba lilikohoa mara tatu. Maji yakatoka na rangi ya chai ya maskini, kisha yakasafika, na ngoma zikalia. Kuhani alimmwagia Mama, kisha akawamiminia watu viganjani, nao wakanywa wakijifuta yaliyobaki kwenye nywele. Gangavva, mkewe Fakirappa, alishajaza mtungi wake wa shaba na kuondoka. Tone la kwanza lilikuwa la midomo ya mjukuu.

Fakirappa hakuwa amekimbia hivyo tangu ujana wake. Alimkuta Gangavva ameinama juu ya susu, kidole kimelowa. Akaupiga mtungi teke, ukabingirika hadi ukutani.

"Umelewa?" Gangavva aliuliza.

"Amekunywa?"

"Bado. Tulikuwa tunamsubiri shangazi yake aje amtaje jina."

Renavva alimnyanyua mtoto, akamkumbatia. Gangavva alitazama maji yakitambaa sakafuni, kisha akamtazama mumewe. Siri ya mtungi aijuaye kata, na yeye alikuwa ameifua shuka ile miaka ishirini, akiyaona madoa yake, akikaa kimya.

"Ni yale ya nyuma ya shuka?" aliuliza.

"Ni yale."

"Na kwa Shantavva je?"

Fakirappa alitoka na ufunguo wake. Mlango wa pili, Shantavva alikuwa akiwafuta midomo mapacha wake kwa upindo wa sari.

"Matamu kama ya mvua, baba," alimwambia. "Nimewapa wote wawili. Mbona unahema hivyo?"

Barazani kote mtaani vikombe vilikuwa vimeinuliwa. Fakirappa alivipita akirudi bondeni. Mbele ya vigae alivua viatu, kwa mazoea. Kisha akaunyanyua ufunguo kwa mikono miwili na kuushusha kwenye saruji kando ya jiwe. Cheche zikaruka. Ngoma moja ikanyamaza, halafu nyingine.

"Fakirappa, umepagawa?" Irappa alisema. "Huyo ni Mama."

"Si Mama. Ni mfuniko. Mimi ndiye niliyeweka jiwe."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alishusha kikombe chake polepole mpaka chini. Vaidehi alikuwa akiteremka jukwaani, simu mkononi, uso umempauka.

"Ya arobaini," Fakirappa alimwambia bila kusimama. "Iko hapa chini."

Alipiga tena, na tena, na saruji ya magunia sita ikatoa vumbi tu. Nyuma yake koki ya manjano, ambayo hakuna aliyekumbuka kuifunga, iliendelea kutiririka, maji meupe pe, na watoto walikuwa bado kwenye foleni.