Nilichemsha Brashi ya Babu, Kisha Nikamwambia Mikono Yake Imezeeka

Nimekosa, na kosa langu si lile ambalo ndugu zangu wangelitaja kwanza. Wao wakisikia watasema nimeharibu brashi ya kunyolea. Brashi ni kitu kidogo. Nilichoharibu ni mikono ya mzee, na niliiharibu kwa neno moja.

Mimi ni binti wa Ilongero. Nilisomea afya ya jamii chuoni, nikarudi nyumbani kusubiri ajira, nikiwa na cheti kwenye bahasha na hamu kubwa ya kuwafaa watu wangu. Naishi kwa babu, mzaa baba. Tulikuwa watani, kama ilivyo kwa babu na mjukuu wake wa kike. Nikimwamkia shikamoo asubuhi, alikuwa akijibu, "Marahaba, mke wangu. Mbona chai imechelewa, umepata mume mwingine?"

Babu ndiye mnyoaji wa ukoo wetu. Msiba ukitokea, siku ya kuanua matanga wafiwa huketi uani kwenye kigoda, mmoja baada ya mwingine, naye huwanyoa vichwa. Watu walisema wembe wa babu hausikiki. Mjane aliyelia siku nne mfululizo aliweza kusinzia mikononi mwake.

Niliporudi na elimu yangu, nilianza na wembe. Nikasema kila mtu awe na wake, mpya. Babu akakubali bila ubishi. Ikabaki brashi ya kupakia povu, ambayo ilipita kwenye kila kichwa. Aliitengeneza mwenyewe: mpini wa mninga, singa za mkia wa ng'ombe, zikashikizwa kwa nta ya nyuki aliyoletewa na shemeji yake kutoka Rungwa.

"Babu, hii itatuambukiza mapunye wote," nilimwambia.

"Haya, mke wangu. Siku moja utanichemsha na mimi."

Yeye alitania. Mimi nikachukua wazo.

Siku mbili kabla ya kuanua matanga ya mdogo wake, babu akiwa kwa wafiwa, niliitia brashi kwenye sufuria ya maji nikaichemsha, kama tulivyofundishwa kuchemsha vifaa. Nta haikunijia akilini hata kidogo. Nilipofunua, singa zilikuwa zinaelea, na juu ya maji kulikuwa na utando wa manjano wenye harufu ya asali.

Hapo palikuwa na njia rahisi mno, nayo ni kusema. Sikusema. Nilimwaga maji pamoja na singa nyuma ya choo, nikapanda bodaboda hadi Singida Mjini, nikanunua brashi ya nailoni. Nikang'oa nyuzi zake, nikazigandisha kwa gundi kwenye mpini wa babu. Kisha nikazipaka majivu ili zifanane na singa za zamani.

Nilijiambia kwamba sasa brashi ni safi zaidi. Nilijiambia kwamba nimefanya jambo la kitaalamu. Lakini majivu yale yananishuhudia. Mtu anayeboresha kitu hakipaki majivu.

Siku ya kuanua matanga, aliyeketi kwanza kwenye kigoda alikuwa mjane mwenyewe, bibi yetu mdogo. Babu aliigeuzageuza brashi mara moja, akaendelea. Mpini ulikuwa wake, na aliyemkabidhi nilikuwa mimi, angeshuku nini? Akapaka povu. Nailoni haishiki maji kama singa, na povu likakauka kabla wembe haujafika utosini. Wembe ukakwaruza. Akapaka tena, akarudia, akamkata juu ya sikio. Kisha akamkata kisogoni.

Damu ikamshuka shingoni hadi kwenye kanga.

Shemeji mmoja, mtani wa babu, akapaza sauti: "Mzee, huyo ni mtu, si shamba la uwele. Unavuna?"

Watu wakacheka, maana mtani ana ruhusa yake msibani. Babu hakucheka. Alikuwa akiitazama mikono yake, wa kulia kisha wa kushoto, kama mtu anayemtazama mbwa wake mwenyewe aliyemng'ata.

Mimi nilikuwa pembeni na beseni la maji na pamba. Nikamsafisha bibi majeraha. Mama mmoja akasema, "Afadhali tuna daktari wetu." Nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Kesho yake babu aliniita. Alinyoosha mikono yote miwili mbele yangu, na hakunitania.

"Wewe ndiye uliyesoma," alisema. "Niambie kweli. Hii mikono ina nini?"

Mikono ile ilikuwa imetulia kama meza. Niliitazama kwa muda, kama mtu anayepima. Nikasema, "Ni umri, babu."

Hilo ndilo ungamo langu. Brashi niliichemsha kwa kutojua. Hili nililisema huku najua.

Akaamini. Akafunga vifaa vyake kwenye kitambaa, akasema ukoo utafute mtu mwingine. Baadaye akaacha kukamua, asije akamuumiza ng'ombe. Akaacha kuchonga mipini ya majembe. Akaanza kushika kikombe kwa mikono miwili. Yote hayo niliyaona siku baada ya siku, huku nikipita kwa majirani kuwafundisha usafi.

Kisha dada yangu akajifungua. Alimleta mtoto ili babu ampokee, naye babu akaficha mikono nyuma ya mgongo.

"Mpeni mwingine," alisema. "Mimi nitamwangusha."

Dada akanitazama mimi, kana kwamba nina dawa. Nikapiga magoti palepale, nikasema yote: sufuria, gundi, majivu, na lile neno.

Babu alisikiliza hadi mwisho.

"Uliichemsha?"

"Ndiyo, babu."

"Nta ikayeyuka."

"Ndiyo."

Akacheka kidogo, kwa pua. "Nta yenyewe hulegea kila mwaka wakati wa joto. Naishikiza upya. Ni kazi ya asubuhi moja. Ungesema tu."

Nikadhani nimesamehewa. Lakini alikuwa hajamaliza.

"Mimi nilikuuliza," alisema. "Wanangu wapo, majirani wapo. Nilikuuliza wewe."

Akampokea mtoto, akamlaza mapajani. Mikono haikutetemeka hata kidogo.

Wiki ile niliomba singa kwa muuza nyama na kutafuta nta sokoni, nikampelekea. Akaitengeneza brashi mbele yangu, bila utani, na kweli ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Akanionyesha namna ya kuiosha kwa sabuni na kuianika juani. Sasa ananyoa tena. Wembe wake hausikiki.

Ninyi wenzangu mnaorudi vijijini na vyeti, nawaomba mnisikilize. Ukiharibu kitu cha mtu, sema siku hiyohiyo. Huenda mwenyewe anajua kukitengeneza kuliko unavyodhani. Na mtu akikuuliza habari ya mwili wake kwa sababu anaamini elimu yako, usimjibu kwa kulinda jina lako. Yeye hana pa kwenda kuhakikisha. Neno lako litamwingia, naye atalitii.

Leo asubuhi nimemwamkia shikamoo nikiwa na chai mkononi. Niliichelewesha makusudi. Ameipokea kwa mkono mmoja.

"Marahaba, mjukuu wangu," amesema. "Ahsante."