Kikaratasi cha Kwenye Kola

Fundi anayelishonea duka letu la loji hapa Karatu hampimi mtu aliyesimama wima. Anakuambia ubebe kwanza ulichozoea kubeba, ndoo au gunia la maharage, kisha anakuzunguka na tepu yake, pini zimebanwa midomoni, akipapasa bega lililoshuka kwa kidole gumba chenye sugu ya mkasi. Ndiyo maana makoti yake, anayoyashona kwa turubai la mahema makuukuu, yakitundikwa yanaonekana yamepinda, na wageni huyapiga picha.

Maneno ya vikaratasi vinavyoning'inia kwenye kola nilikuwa nayaandika mimi. Asubuhi moja alikuta nimeshatundika koti lake jipya, bega moja liko chini, akaniomba nimsomee. Nikasoma: "Vazi linalozungumza na ukimya wa kreta, likivunja mipaka ya mwili." Alisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, kama yuko kanisani.

"Maneno mazuri, dada Anneth. Umelivaa?"

Nikasema bado, kazi zimenibana.

Akaligusa lile bega lililoshuka. "Huwa nakuona ukipita na mkoba wako mzito. Hili nilikushonea wewe, ulivae kwanza ndipo uandike."

Nikacheka kwa aibu, nikamwambia nitalivaa jioni. Saa saba mgeni mmoja akalivaa mbele ya kioo, akajigeuza mara mbili, akalilipia. Hakusoma chochote. Alikikata kikaratasi, akakiacha mezani, akaondoka na koti kuelekea Ngorongoro. Nilichobaki nacho ni yale maneno.