Aliyekuja Kufunga TV Magharibi

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, kisha anisikilize. Mimi si mtu wa kuona vitu. Nimezaliwa hapahapa Kilwa Masoko, nimekua nikisimuliwa habari za majini, na zote zilikuwa zikiingia sikio hili zinatokea lile. Hiki ninachokisimulia hakuna aliyenihadithia. Kilinitokea mwenyewe, nina akili zangu timamu, na TV yenyewe iko hapa sebuleni.

Nilitaka kumnunulia mama yangu TV. Lakini kwanza kuna jambo lazima ulijue. Mdogo wangu Bakari alikuwa fundi wa redio. Alikwenda kutafuta maisha Msumbiji, na huko akafa kwa homa ya siku chache tu. Walimzika siku ileile, kama ilivyo kwa Waislamu, sisi tukapata habari kwa simu. Tukasoma hitima, arobaini ikapita. Mama hakuona jeneza, hakuona kaburi. Na enzi za uhai wake, Bakari kila akipiga simu ahadi yake ilikuwa moja: "Mama, nikirudi nakuletea TV, na naifunga mwenyewe." Basi nikajisemea, mwenye ahadi ameondoka, acha niitimize mimi.

Nilikwenda dukani baada ya adhuhuri. Zamu yangu ya upatu ilikuwa imefika, na nilikuwa nimejiapiza kwamba sitavuka kile nilichonacho. Kujiapiza nyumbani ni rahisi. Ukifika dukani ukakuta TV zimewashwa ukuta mzima, maua yanachanua, samaki wa kila rangi wanaogelea, kiapo unakikumbuka? Niamini, moyo wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye ile kubwa kuliko zote. Nina jirani anayo ya namna hiyo. Sebule yake kiganja, TV imeziba ukuta, wageni wanatazama huku wameinua shingo kama kuku wanaokunywa maji. Kila siku nilikuwa namcheka. Na bado niliitaka.

"Hiyo haitawafaa, dada."

Alikuwa amesimama nyuma yangu, kijana mwenye kapelo na barakoa, kama wale wanaopakua mizigo yenye vumbi. Nikajua ni kijana wa pale dukani. Sikumtazama zaidi ya hapo. Nani anamtazama muuzaji wakati TV zote zile ziko mbele yake?

"Kwa nini isitufae?" nikamuuliza. "Au unaona sina hela?"

"Hela si tatizo, tatizo nafasi. Kutoka kwenye kochi mpaka ukutani ni hatua chache tu. Hiyo itawaumiza macho. Chukua hii ya inchi thelathini na mbili, itakaa vizuri kati ya mlango wa chumbani na kabati la vyombo. Na msije mkaifunga kuelekea dirishani. Jua la alasiri likipiga hamtaona kitu, mtajiona wenyewe."

Nikamwonyesha nyingine, nyembamba kama sinia, ya kupendeza hasa. Akatikisa kichwa.

"Hizo sauti yake inatokea mgongoni, inaishia ukutani. Hii spika zake ziko mbele. Bi mkubwa si anasikia sikio la kulia peke yake? Mkalishe upande huu, atafaidi."

Nikawa naitikia tu, ndiyo, ndiyo, kama mjinga. Hebu niambie wewe, nilimtajia saa ngapi kabati letu la vyombo? Nilimtajia wapi sikio la Mama? Swali hilo halikunijia. Nilichokiona mimi ni kijana mstaarabu anayeijua kazi yake, na bei ya ile TV ilikuwa ndani ya uwezo wangu. Nikalipa pale mbele kwa mwenye duka. Nilipogeuka kutoka, yule kijana akaniambia, "Jioni nitakuja kuifunga."

"Kwetu unapajua?"

"Napajua."

Nikapanda bajaji, TV nimeipakata kama mtoto. Ni humo ndani ya bajaji ndipo habari ya kabati ilipoanza kunisumbua. Nikajipa jibu: mji wetu mdogo, pengine amewahi kuja kwetu kutengeneza kitu. Mtu ukitaka jibu hulikosi.

Nyumbani niliiweka kwa muda juu ya meza, nikaunganisha king'amuzi, nikawasha. Laiti ungemwona Mama! Aliishika pembeni, akaipapasa kwa kiganja, akasema, "Bakari angeiona hii." Akafuta machozi kwa ncha ya kanga, kisha akacheka, maana kulikuwa na tamthilia na mama mkwe mmoja alikuwa anamsema mkwewe. Nikamkalisha palepale nilipoelekezwa, sikio la kulia mbele. Alisikia kila neno. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kumwona mama yangu amestarehe.

Jua lilipokaribia kuzama nikampigia simu mwenye duka, amkumbushe fundi wake aje na vyuma vya kufungia.

"Fundi gani, dada?" akasema. "Mimi niko peke yangu hapa. Nimekuona unazunguka unaongea, nikadhani uko na simu."

Nikakata simu. Nikakaa chini.

Huku kwetu kuna mambo mtoto anafundishwa kabla hajajua kuhesabu. Sauti ikikuita magharibi, usiiitikie mpaka uone uso wake, kwa maana saa hiyo si watu tu wanaotembea. Na mgeni naye ana adabu yake: anapiga hodi mara tatu, asipojibiwa anarudi alikotoka bila kinyongo. Hayo tulifundishwa na Mama, mimi na Bakari pamoja, kwenye mkeka mmoja.

Adhana ilikuwa ndiyo imemalizika.

"Hodi!"

Safari hii hakukuwa na barakoa ya kuifunika sauti. Bakari alikuwa na namna yake ya kupiga hodi, anaivuta ile o mpaka wa ndani acheke. Ilikuwa ndiyo hiyo. Mama akageuza kichwa.

"Nani huyo?"

Mkono wangu ulikuwa kwenye rimoti. Nikaongeza sauti.

"Ni humo kwenye TV, Mama."

"Hodi, Mama!"

Nikaongeza tena. Mama mkwe wa tamthilia akawa anapiga kelele nyumba nzima inatetemeka, nami nalia kimyakimya na kusoma Ayatul Kursiyu, naikosea, naanza upya. Ya tatu niliisikia kwa shida. Alikuwa ameshusha sauti, kama mtu anayeona anawasumbua wenyewe. Kisha kukawa hakuna kitu.

Asubuhi nilifungua mlango. Kwenye baraza, vimepangwa vizuri kando ya ukuta, vilikuwepo vyuma viwili vya kufungia TV na skrubu zake zimefungwa kwenye gazeti. Nilikaa hapohapo nikalia kwa sauti. Jini gani huyo anayekuja kukudhuru na skrubu mkononi? Alikuwa amekuja kutimiza ahadi yake na kumwona mama yake. Nami nilimfungia kwa kelele.

Nilidhani majuto ni hayo. Sikujua. Jioni ile Mama alikaa kitini pake, akaniita.

"Mwanangu, nifungulie kile kipindi cha jana. Kile chenye kijana aliyepiga hodi. Ana sauti ya Bakari kabisa, wallahi, mpaka kumwita Mama."

Nikamwambia vipindi vinapita, havirudi. Akasema sawa, atasubiri. Na anasubiri. Kila magharibi, akishaswali, anakaa na sikio lake la kulia mbele na hataki mtu azungumze. Tamthilia ile imekwisha, imekuja nyingine. Nikimweleza ukweli, atajua mwanawe alisimama mlangoni kwake na hakukaribishwa, naye ndiye mama. Nikinyamaza, ataendelea kutazama. Jana ameniuliza tena, "Hivi yule kijana, walimfungulia?" Nikamjibu, "Walimfungulia, Mama. Wakamkaribisha, wakampa na chakula." Akashukuru Mungu, akalala. Mimi sikulala.

Sasa wewe unayenisikiliza, sikwambii uitikie kila sauti ya magharibi. Wazee hawakusema uongo. Lakini walisema usiitikie mpaka uone uso, nami nilishika nusu ya kwanza nikaiacha ya pili. Dirisha lilikuwa mkono wangu wa kushoto, pazia jepesi tu. Ukipigiwa hodi na sauti unayoijua, inuka, funua pazia, tazama ni nani. Uogope baada ya hapo.